Mwaka Bomba Lilipokuwa Likigonga

Nilipopigiwa simu kwamba Bi Abiba amefariki, nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Pemba ya Msumbiji, na kwa aibu ya watu sikulia. Mpwa wake ndiye aliyenipa habari. Alikuwa mtoto mchanga wakati nilipofanya kazi kwa shangazi yake, hata hamkumbuki vizuri, na baada ya kunieleza mahali pa mazishi akaniuliza, "Wewe uliishi naye nyumba moja. Alikuwa mtu wa namna gani?" Nikasema alikuwa mwanamke mkarimu, mcha Mungu, maneno yale tunayomsemea kila maiti. Nilipofika nyumbani nikajiona nimemdhulumu. Bi Abiba hakuwa maneno yale. Nilimjua kwa mwaka mmoja tu, mwaka wa kelele, na kama kuna kitu ninachoweza kumlipa ni kuueleza mwaka ule kama ulivyokuwa. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika kwake naziacha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nazungumza Kireno cha darasani, na sikuwa na kazi.

Mwaka ule gesi ya chini ya bahari ilikuwa haijaonekana kwa macho na mtu hata mmoja mjini Palma, lakini kila mtu alikuwa ameisikia. Meli kubwa zilikuwa zinapita mbali kule kwenye maji meusi, na wavuvi walirudi wakisema zinapiga bahari kwa mishindo mpaka samaki wanakimbia. Magari meupe yalianza kuja, na ndani yake watu wenye viatu vizito waliotafuta mahali pa kulala. Bi Abiba alikuwa mjane mwenye nyumba ya mawe, vyumba vinne vinavyotazama ua mmoja, dari za boriti na kuta nene kiasi kwamba dirishani mtoto angeweza kulala. Kampuni moja ikapanga kwake vyumba vitatu, cha nne akabaki nacho mwenyewe, mimi nikalala stoo kando ya magunia ya mchele. Wageni walikuwa na sharti moja: maji ya moto bafuni. Nasi tulioga maji ya kisima maisha yetu yote! Akaletwa mchomeleaji, akaunga pipa la chuma akaliziba pande zote, akalikalisha juu ya meko ya matofali nyuma ya jiko. Maji ya baridi yalishuka kutoka tangi lililokuwa juu ya mnara wa zege, yakaingia chini ya pipa. Ya moto yalitoka juu yakapita ukutani hadi vyumbani. Bomba la tatu, jembamba, lilipanda kutoka juu ya pipa hadi kupita tangi, ncha yake imepindwa kama ndoana. Sisi hatukuliuliza kazi yake. Tuliuliza tu kuni zitatoka wapi.

Aliyechochea moto ule alikuwa Mama Rosalina, mpishi. Alikuwa Mmakonde, Mkristo, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, mwenye shamba kule Nhica do Rovuma alikoacha watoto wake kwa dada yake. Alfajiri aliwasha meko, akaweka kuni za mikoko ambazo moto wake ni mkali na hauishi upesi, kisha akaingia jikoni. Bado nasikia harufu ya asubuhi zile: mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, chai ya mchaichai, na kinu kikitwanga majani ya mhogo kwa ajili ya matapa ya mchana. Wageni walikula kwenye meza ndefu uani. Bi Abiba alikula peke yake chumbani, mlango wazi, ili aone nani anaingia na nani anatoka. Alikuwa na tabia hiyo hata kabla ya kelele. Mumewe alipokufa, shemeji yake Anli, fundi wa kukalafati mashua, yaani kuziba nyufa zake kwa pamba, aliyeishi nyumba ya pili, alisema maneno kuhusu nyumba kuwa ni ya ukoo. Alisema mara moja tu, msibani, wala hakurudia. Lakini tangu siku hiyo Bi Abiba aliisikiliza dunia kama mtu anayesikiliza mlango.

Kelele ilianza baada ya mvua za kwanza. Ilikuwa saa tatu asubuhi, wageni wamekwisha kuoga, wako kwenye chai. Ilianza kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole, ndani ya ukuta. Halafu kukatulia. Halafu likapigwa pigo moja kama nyundo juu ya chuma, bomba likatikisika ukutani, na chembe za chokaa zikadondoka kwenye bakuli la sukari. Tulitazamana. Bi Abiba akatoka chumbani na kanga begani akauliza, "Nani huyo?" Hakuuliza ni nini. Nimelifikiria sana swali lile. Sote tuliokuwa pale uani, mimi nikiwemo, tulianza kutafuta mtu.

Kila mmoja alipata wake. Mtaani walisema wazungu wanachimba chini ya miguu yetu kutokea baharini, na siku moja Palma yote itadidimia. Bi Abiba alisema ni Anli, anataka kuwatisha wageni wahame ili aichukue nyumba. Kwa siku kadhaa aliniweka nisimame karibu na ukuta wa upande wa shemeji nisikilize kama kuna nyundo. Nilichosikia ni mke wake Anli akimfokea kuku. Wageni nao walikuwa na lao. Mmoja wao, Senhor Celso, alikuwa engenheiro, mhandisi kijana kutoka Quelimane, mweusi kama sisi lakini asiyejua neno la Kiswahili, kwa hiyo mezani alizungumza bila kujizuia. Nilikuwa namimina chai aliposema kwa Kireno kumwambia mwenzake, "Angalia vizuri. Linagonga tukishamaliza kuoga tu. Kuna mtu humu anajua nyendo zetu." Mwenzake akajibu, "Wanataka tuondoke, au wanataka tusisikie wanapofungua vyumba." Nikaendelea kumimina. Nilipoingia ndani Bi Abiba alinishika mkono.

"Wamesema nini?"

"Wamesifia samaki, bi."

"Maneno marefu yote yale, samaki tu?"

Tangu hapo alinishuku hata mimi. Kukaa katikati ya watu wasioelewana lugha ni kazi ngumu, kwa sababu kila upande unaamini wewe umebeba mzigo wa upande wa pili. Nilianza kupika maneno, kuyapunguza chumvi, na kadiri nilivyoyapunguza ndivyo walivyozidi kunitazama.

Bi Abiba akamwita mwalimu wa dua kutoka Mucojo. Walikaa chumbani kwake, mimi nje napepeta mchele, nikawasikia. Mwalimu alikuwa mtu mpole wa kuuliza maswali. "Linagonga wakati gani?" Asubuhi, na jioni wageni wakirudi. "Kuna siku haligongi?" Bi Abiba akasema polepole, kama anayejisikia mwenyewe, "Jumapili asubuhi haligongi."

"Jumapili nani hayupo?"

"Mpishi. Anakwenda kanisani."

"Basi, mama, umeshajijibu," mwalimu akasema.

Na kwa kweli hesabu ilikuwa inakubali. Kelele ilikuja Mama Rosalina akiwepo, na asipokuwepo nyumba ilinyamaza. Siwezi kujifanya kwamba mimi nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilianza kumtazama mikono. Nilimtazama akikuna nazi, akisonga sima, akiinama kwenye meko, na mapigo yalipoanza ukutani nilikimbiza macho kwenye mikono yake. Ilikuwa ndani ya unga. Haikugusa bomba. Lakini tangu lini mikono ya mchawi inagusa?

Bi Abiba aliacha kula chakula cha jikoni. Alijichemshia mayai mwenyewe. Habari ikatoka uani ikaenda mtaani, na kule haikurudi ilivyokwenda. Jumamosi moja nilifuatana na Mama Rosalina kununua samaki, na mwanamke aliyetuuzia hakumpa samaki mkononi. Aliwaweka chini mchangani, na malipo yake akayaokota chini vilevile. Tulipogeuka, konzi ya mchanga ikampiga Mama Rosalina mgongoni. Hakugeuka. Tulipofika pasipo na watu akaniambia, "Atija, kwetu mtu akiitwa mchawi haishii kufukuzwa kazi. Anachomewa nyumba usingizini. Nina watoto watatu Nhica. Maneno yana miguu kuliko mimi."

Siku hiyohiyo mchana Senhor Celso alipoteza saa yake. Baadaye iliokotwa chini ya kitanda chake mwenyewe, lakini kabla haijaokotwa alitaka kapu la mpishi lifunguliwe, na mimi ndiye niliyeamriwa kutafsiri amri hiyo. Mama Rosalina alilimimina kapu lote mezani. Palikuwa na fundo la majani ya mhogo, rozari, kitenge, na kipande cha bomba la chuma, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Bi Abiba akapiga kelele, "Hicho! Hicho ndicho anachogongea!"

"Ni cha kupulizia moto," Mama Rosalina akasema. Akakiweka mdomoni akapuliza, majivu yakatoka ncha ya pili. Hakuna aliyetaka kuona majivu. Bi Abiba akamwambia Jumapili akitoka kanisani aje achukue vitu vyake, Jumatatu asiamkie pale.

Jumapili asubuhi Mama Rosalina alikwenda kanisani, Bi Abiba akaenda kumwona mgonjwa, wageni wakaenda pwani isipokuwa Senhor Celso aliyekuwa na malaria. Alilala chumbani akitetemeka, akaniomba maji ya moto ya kuoga. Kwa kawaida Jumapili asubuhi hapakuwa na maji ya moto. Nilisimama mbele ya meko baridi nikiwa na kibiriti, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Jumapili Mama Rosalina hayupo, kweli. Lakini na moto pia haupo.

Niliwasha. Nikaweka kuni za mikoko kama alivyokuwa akiweka yeye, nyingi, nikapuliza hadi machozi yakanitoka. Nilimpelekea Senhor Celso ndoo yake, akaoga, akarudi kulala. Nikakaa kwenye kigoda uani, mikono magotini, nikingoja. Likagonga. Kwanza hodi ndogo, halafu nyundo. Senhor Celso akatoka mbio, shuka kiunoni, akiwa na hakika amemkamata mtu. Alinikuta nimekaa peke yangu, mikono inaonekana, na ua mtupu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani? Hakuna mtu. Kuna moto tu."

Alinitazama, akalitazama pipa, na nikaona homa inamtoka usoni. Alikuwa mtu wa kushuku watu, lakini alikuwa na elimu yake pia, na siku ile elimu ilitangulia. Akasema, "Fungua bomba la bafuni, lote." Nilifungua. Likakohoa, likatema mvuke, kisha maji ya moto yakatoka kwa nguvu na kelele ikakata. Nikafunga. Tukangoja. Ikaanza tena. Akanieleza kwa Kireno chepesi: maji yanachemka mno ndani ya pipa, mvuke unatafuta pa kutokea haupati, unasukuma maji ndani ya mabomba, maji yanajirusha na kujipiga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Watu wanapooga, mvuke unapata njia. Wakimaliza, unafungiwa. "Lazima palikuwa na njia," akasema. "Aliyejenga hakuwa mjinga. Njia iko wapi?"

Tuliyafuata mabomba kwa mikono, hili baridi, hili moto, hadi tukafika kwenye lile la tatu, jembamba. Chini lilikuwa linaunguza. Juu, karibu na tangi, lilikuwa baridi kabisa. Senhor Celso alinikataza kuligusa. Tulitoa kuni zote kwenye meko tukazimwagia maji, tukaacha bomba la bafuni wazi, tukasubiri hadi pipa likapoa. Yeye hakuweza kupanda, miguu ilikuwa inamcheza, nikapanda mimi ngazi ya mnara. Kwenye ile ncha iliyopinda kama ndoana palikuwa pamezibwa. Nilichokoa kwa msumari, ikatoka pamba ngumu, nyeusi, inanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua. Kila mtu wa pwani anaijua harufu hiyo. Ni pamba ya kukalafati mashua.

Nilishuka nayo mkononi nikiwa nimeshamhukumu Anli. Senhor Celso naye, nilipomweleza pamba ile ni ya nini, akauliza, "Ni nani hapa anayetengeneza mashua?" Nikamwonyesha ukuta wa pili. Tukamwita. Wakati huo Bi Abiba alikuwa amerejea, na nyuma yake, kwa bahati, Mama Rosalina naye akaingia na nguo zake za kanisani kuja kuchukua vitu. Kwa hiyo wote walikuwepo uani, nami nikasema kila kitu kwa lugha mbili, mara hii bila kupunguza chumvi. Nikasema hata kwamba pipa lingepasuka siku moja, na ambaye angekuwa mbele yake ni Mama Rosalina.

Anli aliichukua ile pamba, akainusa. "Pamba ni yangu," akasema. "Lakini mimi sijapanda mnara wa mtu. Na mimi pamba naisokota kabla ya kuipiga. Hii imeshindiliwa kama mto." Kisha akamtazama shemeji yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anayempa nafasi. Nami nikakumbuka malalamiko ya wageni ya miezi iliyopita, madoa ya kutu kwenye mashuka yaliyoanikwa chini ya mnara, kwa sababu bomba lile lilikuwa linatema maji moto ukikoleza. Nilidhani Anli atasema. Hakusema.

"Nililiziba mimi," Bi Abiba akasema. "Pamba nilimwagiza mtoto mmoja akaiombe kwa shemeji. Lilikuwa linachafua mashuka."

"Na ulipoanza kusikia kelele?" Mama Rosalina akauliza.

Bi Abiba angeweza kusema hakujua, na tungemwamini wote, maana ni kweli hakujua. Lakini aliikaza kanga yake akasema, "Sikujua kama ndilo. Ila mara moja ilinipitia kichwani, nikaifukuza. Nilikuwa nimeshakutaja wewe."

Mama Rosalina aliingia jikoni. Tulidhani analia. Alikuwa anafunga virago. Bi Abiba alimfuata mlangoni akamwambia abaki, atamwongezea, atamnunulia kitanda, atamfukuza yeyote atakayesema neno. Mama Rosalina akajitwika fundo lake kichwani. "Dona, nyumba iliyonishuku ikiwa na kelele itanishuku na ikiwa kimya," akasema, akaondoka. Tulimsikia akimuaga Anli kwa adabu huko nje, kama mtu anayeondoka siku yoyote.

Kelele haikurudi. Tulijenga kipaa kidogo cha bati cha kukinga mashuka, na bomba likatema litakavyo. Mimi ndiye niliyepika, vibaya, na ndiye niliyechochea moto. Leo nasimamia jengo la ofisi, na kitu kikigoma watu huja kwangu wakiwa tayari na jina la mtu aliyekiharibu. Nawaambia wangoje kwanza nikiangalie kitu chenyewe. Hawapendi. Jina huridhisha upesi.

Mvua zilipokatika, Bi Abiba aliniambia nifuatane naye hadi Nhica. Tulipanda gari la mizigo, tukatembea kipande kilichobaki, yeye na viatu mkononi. Mama Rosalina alikuwa anapalilia karanga. Alitukaribisha, akatupa maji, akatuwekea mkeka. Bi Abiba akasema alilokuja kusema, kwa sauti ndogo, macho chini.

Mama Rosalina alisikiliza hadi mwisho. "Mimi nimekwisha kukusamehe," akasema. "Lakini dona, uchawi ulinipa mbele ya mtaa. Radhi umeniletea huku shambani. Nikishuka Palma kuuza karanga zangu, nani atajua?"

Tulirudi Palma. Siku ya tatu alinichukua tukaenda wanakouza samaki, saa ambayo wanawake wa mji wote wako pale. Alisimama katikati ya vikapu, yeye ambaye hata chai hakunywa mbele za watu, akapaza sauti. Akasema Rosalina hana uchawi. Akasema bomba aliliziba yeye kwa mkono wake, na ulimi uliomchafua mwenzake ni wake. Kisha yule mwanamke aliyeweka samaki mchangani akamwinamia jirani yake, nami nilikuwa karibu nikasikia, na Bi Abiba alisikia vilevile: "Mwone. Yule Mmakonde amemroga mpaka anajitukana mwenyewe."

Kicheko kikapita. Nilimshika Bi Abiba mkono ili tuondoke. Aliutoa mkono wangu taratibu, akaanza kusema tena, tangu mwanzo.